Mtoto akionewa shuleni: Mzazi na walimu waanzie wapi?

MTOTO anayeonewa na wenzake shuleni aghalabu huwa wa mwisho kulitamka jambo hilo. Vinavyotangulia kusema ni vitu vyake. Blanketi lililonunuliwa mwezi wa kwanza halipo mwezi wa pili. Sabuni ya muhula mzima imekwisha kwa wiki tatu. Pesa za matumizi hazitoshi kamwe, na mtoto aliyebeba chakula cha mchana anarudi nyumbani jioni akiwa na njaa ya kutwa nzima. Anayesoma shule ya kutwa huumwa na tumbo kila Jumapili usiku. Wa bweni huanza kununa siku mbili kabla ya likizo kwisha.

Wazazi wengi wakiyaona hayo hudhani ni uzembe, wakamkaripia mtoto kwa kupoteza vitu. Naye akikaripiwa hunyamaza zaidi. Ukweli unapokuja kujulikana, pengine kupitia kwa mwanafunzi mwingine au daktari, hasira ya mzazi huwa imefurika, na hatua yake ya kwanza ni kufunga safari hadi langoni mwa shule akitaka aonyeshwe aliyemtenda mwanawe hivyo.

Safari hiyo ndiyo huamua mengi. Katika shule za mabweni hasa, mzazi huzungumza na walimu kwa saa moja au mbili, akatoka ameridhika au amekasirika zaidi, kisha akaenda zake. Mtoto hubaki. Usiku taa zinapozimwa, wale waliotajwa ofisini mchana wamo katika bweni lilo hilo, nao wanajua ni nani aliyewataja. Mashauriano yoyote kati ya mzazi na shule yasiyolijibu swali la usiku huo wa kwanza humwacha mtoto katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo asubuhi.

Si kila ugomvi ni uonevu

Watoto hugombana, na wengi hupatana kabla ya kengele kulia. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kulichunguza suala hili katika shule za Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye akaendelea nchini Norway, alitaja mambo matatu yanayoutenga uonevu na ugomvi wa kawaida. Kwanza, kitendo hukusudiwa kuumiza. Pili, hurudiwa. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, nguvu za wahusika hazilingani: mmoja ana umri, mwili, cheo au kundi la marafiki ambalo mwenzake hana. Wavulana wawili wa kimo kimoja wanaopigania mpira wamekosana tu. Kiranja anayemwamsha mwanafunzi mgeni kila usiku ili amfulie soksi anamwonea, hata kama hajamgusa.

Tofauti hiyo ina uzito. Watoto waliokosana wanaweza kuketishwa pamoja wakapatanishwa. Mwonevu na anayeonewa wakiketishwa pamoja mbele ya mwalimu, mdogo husema yamekwisha kwa sababu mkubwa anamtazama. Shule nyingi hulifunga jambo papo hapo, wawili hao wakapeana mikono, na mzazi akaarifiwa kwamba mambo ni shwari.

Aidha, uonevu hauna sura moja. Kipigo na kunyang'anywa vitu huacha alama. Kutengwa wakati wa chakula, kubandikwa jina la kejeli kwa sababu ya kigugumizi, kabila, umaskini au ulemavu, na kuzushiwa uvumi havionekani kwa macho, na walimu huelekea kuvichukulia kama utani. Siku hizi uonevu huingia pia kwa simu. Ingawa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, picha ya kumdhalilisha mmoja wao husambazwa wakati wa likizo, na shule zinapofunguliwa darasa zima limeshaiona.

Kwamba tatizo hili limeenea si jambo la kukisia. Uchunguzi wa afya ya wanafunzi uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2003 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani (WHO) ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi waliohojiwa walikuwa wameonewa angalau siku moja katika muda wa siku 30 zilizotangulia. Mwaka wa 2007, Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wanafunzi 1,012 katika shule 17 za upili za umma jijini Nairobi. Kati ya asilimia 63.2 na asilimia 81.8 walisema wamepitia aina mbalimbali za uonevu. Hizo ni takwimu za kale, lakini mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe ni wa kwanza kulalamika anafaa kuzifahamu.

Desturi ya 'mono'

Katika shule za upili za Kenya, uonevu umekuwa na msimu wake. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliitwa 'mono' au 'njuka', na muhula wake wa kwanza ulikuwa wa kutahiniwa na wakubwa. Aliamriwa kupiga simu nyumbani kwa kutumia kiatu, au kuipuliza taa ya umeme hadi izime. Waliosimulia vituko hivyo ukubwani walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoifanya desturi idumu. Kwani nyuma ya vichekesho palikuwa na mengine: kuteka maji ya wakubwa alfajiri, kuwapa mkate na sukari, kulala sakafuni, kuchapwa usiku.

Asili ya desturi yenyewe haiko mbali. Shule kongwe za mabweni ziliundwa wakati wa ukoloni kwa kufuata mfano wa shule za mabweni za Uingereza, ambako mvulana mdogo alimtumikia mkubwa na kiranja alikuwa na mamlaka ya kuadhibu. Mfano huo ulirithiwa pamoja na majengo.

Mwaka wa 2017 taifa lilishtuka pale Shule ya Upili ya Alliance, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa zaidi nchini, ilipochunguzwa na Wizara ya Elimu kufuatia ripoti kwamba viranja na wanafunzi wakubwa walikuwa wakiwatesa wale wa Kidato cha Kwanza. Mwalimu mkuu aliondoka akastaafu mapema. Funzo ambalo wazazi wengi walilipata wakati huo ni kwamba alama nzuri za mtihani hazisemi lolote kuhusu yanayotendeka bwenini baada ya masomo ya jioni.

Mabadiliko ya mfumo wa elimu hayakuufuta msimu huo, yaliusogeza. Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia shuleni mwaka wa 2024, na mwaka wa 2025 shule za upili hazikupokea darasa jipya. Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Sekondari Pevu na kuwakuta wenyeji wa Kidato cha Tatu na cha Nne, wa mfumo tofauti, waliokwisha kuona desturi za bweni. Wazazi wa wanafunzi hao hawakuwa na ndugu wakubwa wa kuwauliza jinsi mfumo mpya ulivyo.

Sheria inamwambia mzazi nini

Mzazi anapofika ofisini hafiki kama mwombaji. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, aina zote za ukatili, na kutendewa au kuadhibiwa kinyama, na kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yapewe umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika sehemu ya 36, inaharamisha kumtesa mwanafunzi au kumtendea kinyama, kimwili au kisaikolojia. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Adhabu ya viboko nayo ilikwisha kuondolewa shuleni mwaka wa 2001. Hivyo basi, kiranja anayetumwa na mwalimu kuwachapa wengine hana mahali pa kujikinga, wala mwalimu aliyemtuma.

Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inakataza dhuluma ya kisaikolojia na pia ile ya mtandaoni dhidi ya mtoto. Hata hivyo, sheria iyo hiyo ilipandisha umri wa kuwajibikia kosa la jinai kutoka miaka minane hadi 12. Mzazi anayetaka mwonevu wa Gredi ya Tano ashtakiwe anahitaji kulijua hilo mapema. Isitoshe, mwalimu mkuu hana uwezo wa kumfukuza mwanafunzi kabisa kwa neno lake pekee, kwa kuwa sheria imeweka taratibu za kufuatwa. Sharti la "huyo mtoto aondoke leo" humfungia mwalimu mlango hata kama anamwonea mzazi huruma.

Kuna kipengele kimoja ambacho wazazi hukitumia kwa nadra. Sheria ya 2013 inataka kila shule ya umma iwe na chama cha wazazi, na miongoni mwa kazi za chama hicho ni kuisaidia shule katika uangalizi, ushauri nasaha na nidhamu ya wanafunzi, na kupendekeza hatua za ustawi wao. Vyama vingi vimegeuka kuwa mabaraza ya kujadili basi na ada, lakini mwakilishi wa wazazi wa darasa ana haki ya kuliingiza suala la uonevu katika ajenda.

Kabla ya kwenda shuleni

Kazi ya kwanza hufanyika nyumbani, nayo ni kusikiliza bila kuhoji kama polisi. Maswali ya mahali humfungua mtoto haraka kuliko maswali ya majina. Akiulizwa ni sehemu gani ya shule asiyopenda kupita, au ni saa ngapi huwa anaomba zipite haraka, atajibu choo cha nyuma ya madarasa, foleni ya chakula, saa ya kuoga, kiti cha nyuma cha basi. Majina hufuata yenyewe.

Mtoto akiomba mzazi asimwambie mtu yeyote, mzazi asiape kunyamaza. Amweleze kwamba jambo hili litafika kwa watu wachache wanaoweza kulizuia, na kwamba yeye mwenyewe atajua ni akina nani na ni lini. Mtoto anayekuta siri yake imevuja bila kuonywa hasemi tena.

Baada ya hapo mzazi aandike. Si hadithi ndefu, bali tarehe, mahali, kilichotendeka, aliyekuwapo, na kama kuna mwalimu aliyearifiwa. Maneno ya mtoto yaandikwe jinsi alivyoyasema. Majeraha na nguo zilizoraruka zipigwe picha. Ikiwa amepelekwa hospitalini, stakabadhi zihifadhiwe. Karatasi moja yenye tarehe nne ina nguvu ofisini kuliko saa nzima ya kufoka, kwa sababu mwalimu anaweza kuilinganisha na daftari la mwalimu wa zamu.

Kuna mambo mawili ya kujiepusha nayo. La kwanza ni kulipeleka shtaka katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Jina la mtoto wa mtu likitajwa huko, mjadala huhama kutoka uonevu hadi heshima ya familia, na ujumbe humfikia mwonevu kabla ya mwalimu. La pili ni mzazi kumkabili mwonevu mwenyewe njiani au darasani. Sheria inayomlinda mwanawe inamlinda na huyo, na mzazi aliyempiga kofi mtoto wa mwenzake hugeuka kuwa mshtakiwa siku hiyo hiyo.

Mkutano na walimu

Mwalimu wa darasa ndiye mlango wa kwanza, isipokuwa kama yeye ni sehemu ya tatizo. Katika shule ya bweni, naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu msimamizi wa bweni na mwalimu wa ushauri nasaha wanafaa kuwapo pia. Matroni asisahaulike. Yeye ndiye anayejua ni kitanda kipi kilicholala bila godoro, na mara nyingi huwa hajaulizwa.

Mzazi huanza vyema akisema anachokijua, anachokishuku, na anachokiomba, kila kimoja mahali pake. Mwalimu anayesikia "shule yenu inafuga wahuni" huanza kuitetea shule. Anayesikia "mwanangu amenyang'anywa chakula mara nne kwenye foleni ya saa saba, nani husimamia foleni hiyo?" analazimika kulitazama jedwali la zamu. Shule ni taasisi yenye hofu ya jina lake, hasa msimu wa kuchagua wanafunzi unapokaribia, na hofu hiyo ndiyo huwafanya walimu wengine wema kulificha jambo. Mzazi anayeielewa hana haja ya kuichochea.

Walimu nao wana makosa yao ya kawaida. Baadhi husema hata wao waliyapitia wakawa watu. Wengine huwapanga wanafunzi mstarini asubuhi na kuuliza mbele ya shule nzima ni nani aliyemwonea fulani, jambo ambalo humfichua mtoto bila kumfichua mwonevu. Wengine huanza kumchunguza aliyelalamika: kwa nini hachangamki, kwa nini hajitetei? Mzazi ana haki ya kuomba kwa upole kwamba watoto wahojiwe mmoja mmoja, na kwamba wengine wasiohusika waitwe pia ili isijulikane taarifa ilitoka kwa nani.

Usiku wa kwanza

Kabla ya mzazi kutoka ofisini, jambo moja linafaa kukubaliwa kwa maandishi: mtoto atalala wapi usiku huo, karibu na nani, na ni mtu mzima yupi atakayepita bwenini baada ya taa kuzimwa. Hilo si ombi la ajabu. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka wanafunzi wa bweni wahesabiwe kila siku kabla ya kulala na rekodi ziwekwe, na mabweni yakaguliwe mara kwa mara. Vitanda vyenyewe vinatakiwa kuachana kwa angalau mita 1.2. Bweni lililojaa hadi watoto wawili kulala kitanda kimoja ni bweni ambalo hakuna awezaye kuona kinachotendeka.

Mara nyingi shule hupendekeza anayeonewa ndiye ahamishwe bweni. Ni njia rahisi, lakini humpa adhabu aliyedhulumiwa: hupoteza rafiki mmoja au wawili aliokuwa nao na kuanza ugeni upya. Anayestahili kuhamishwa ni mwonevu, na ikiwa ni kiranja, avuliwe cheo hadi uchunguzi uishe. Cheo kikibaki, kila agizo atakalolitoa kwa mtoto yule litaweza kuitwa kazi halali.

Mtoto naye apewe njia ya kusema isiyohitaji kupita mbele ya wote. Anaweza kutajiwa mwalimu mmoja atakayemwita kila Jumatano kwa shughuli nyingine kabisa, kama vile kupanga vitabu vya maktaba. Anaweza kuruhusiwa kupiga simu nyumbani Jumamosi kwa simu ya mwalimu huyo. Katika shule ya kutwa, swali huwa la njia na saa za mapumziko: nani atasimama karibu na vyoo, nani yuko langoni saa tisa na nusu, na je, utingo wa basi ameambiwa?

Uzoefu wa Norway unaonyesha kwamba mambo madogo ya aina hii hufua dafu. Mwishoni mwa mwaka wa 1982 wavulana watatu nchini humo walijiua, na uonevu ukatajwa kuwa chanzo. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima. Olweus alifuatilia takriban wanafunzi 2,500 katika shule 42 mjini Bergen, ambako walimu walisimamia nyakati za mapumziko kwa makini zaidi, madarasa yaliwekewa kanuni wazi dhidi ya uonevu, na waonevu, walioonewa na wazazi wao walizungumziwa kwa zamu. Katika muda wa miaka miwili visa vilipungua kwa karibu nusu.

Mpango wa KiVa wa Finland, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, umewageukia watazamaji. Mwonevu hutafuta hadhira, na darasa lisilocheka humnyima. Shule ya Kenya haihitaji fedha za Finland kulifanya hilo; kipindi kimoja cha mwalimu wa darasa kwa wiki, bila kumtaja aliyelalamika, chatosha kuanza.

Mzazi wa upande wa pili

Simu inayomwarifu mzazi kwamba mwanawe anawaonea wenzake ni nzito kuipokea. Wengi hukana, na wengine humpiga mtoto hadi shule ikajuta kuwaita. Kipigo humfundisha mwonevu kile kile anachokifanya bwenini, yaani kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Huenda yeye mwenyewe alikuwa 'mono' aliyeteswa. Huenda anaonewa nyumbani na kaka mkubwa.

Kinachomfaa ni adhabu inayorekebisha na ambayo haimdhalilishi: kurudisha alichonyang'anya au thamani yake, kunyimwa marupurupu ya ukubwa, kuonana na mshauri kila wiki, na kufahamu kwamba jina lake linafuatiliwa. Ni heri shule ikutane na wazazi wa pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Wakikutanishwa mapema, fahali wawili hupigana na nyasi ni zile zile.

Shule ikikataa kusikia

Zipo shule ambazo hazitachukua hatua. Hapo mzazi huacha kusema na kuanza kuandika barua kwa mwalimu mkuu, akieleza tarehe za visa, tarehe ya mkutano na yaliyoahidiwa. Nakala yake igongwe muhuri wa kupokewa. Barua isiyo na muhuri hupotea.

Jibu lisipopatikana katika muda unaofaa, ngazi inayofuata ni bodi ya usimamizi ya shule, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha bodi ya elimu ya kaunti. Pale mwalimu mwenyewe ndiye mtesaji, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), iliyo na mamlaka ya kumchukulia hatua za kinidhamu. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kuarifiwa wakati wowote, na nambari ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, hupigwa bila malipo usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuna visa visivyopaswa kusubiri ngazi yoyote. Mtoto aliyejeruhiwa apelekwe hospitalini kwanza, kisha kituo cha polisi, ambako fomu ya P3 hutolewa ili daktari aandike majeraha. Akiwa amedhulumiwa kingono, afikishwe hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, bila kuogeshwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe bila kufuliwa. Mwalimu mkuu anayeomba jambo hilo limalizwe ofisini anaomba kosa la jinai lifichwe. Vivyo hivyo, mtoto anayetamka kwamba ni heri afe asiachwe peke yake, wala asirudishwe bwenini eti kwa kuwa mtihani unakaribia.

Kumhamisha shule ni haki ya mzazi, na wakati mwingine ndiyo njia pekee iliyosalia. Lakini ikifanywa ndani ya wiki ya kwanza kwa hasira, mtoto huondoka akiamini kwamba kosa lilikuwa lake, na kitanda alichokiacha hupewa mwingine. Akihama, shule mpya ielezwe kwa ufupi yaliyompata, na mshauri wake aendelee kumwona.

Kufuatilia

Makubaliano ya siku ya kwanza hudumu wiki mbili hivi, kisha shughuli za shule huyafunika. Ndiyo maana tarehe za kurudi huwekwa pale pale mezani: simu kwa mwalimu baada ya siku tatu, ziara baada ya wiki mbili, mkutano mfupi kabla ya likizo ya katikati ya muhula. Katika ziara hiyo mzazi aombe kuzungumza na mtoto nje, mbali na ofisi, na alikague sanduku lake pamoja naye. Vitu vikiwa vinakaa, ni dalili njema. Vikiwa vimepotea tena na mtoto anasema alivigawa kwa hiari, mazungumzo yarudi mwanzo.

Mwaka unapokwisha, mwalimu wa darasa hubadilika, na pengine naibu wa mwalimu mkuu huhamishwa na TSC. Kumbukumbu ya kisa huondoka naye ikiwa ilikuwa kichwani mwake tu. Mzazi mwenye nakala ya barua yake na ya yale yaliyokubaliwa humpelekea mwalimu mpya wiki ya kwanza ya muhula, kabla ya mabweni kugawanywa.